Judi Dench, Maggie Smith au Helen Mirren: uanze na nani?

Hawa kina mama watatu wengi wetu tunawajua bila kujua kama tunawajua. Mtajie mtu Maggie Smith atakuangalia tu, mwambie yule mwalimu mkali wa kofia ndefu kwenye Harry Potter utasikia aaah, yule! Judi Dench ndo yule bosi wa James Bond, mama wa nywele fupi nyeupe anayemgombeza Bond kama kijana wa nyumbani aliyechelewa kurudi. Helen Mirren ni yule wa muvi ya Malkia Elizabeth, na kama wewe ni mtu wa Fast and Furious basi ni yule mama yake Deckard Shaw. Mpaka hapo kila mtu yuko sawa. Kazi inaanza ukishawapenda ukaingia kutafuta vitu vyao vingine, unakuta orodha ya miaka zaidi ya sitini, jukwaa, televisheni, sinema, na bando lako ni la wikiendi moja.

Nimewafuatilia wote watatu muda mrefu na nawapenda wote, kwahiyo sitakwambia fulani ndo bora kuliko wenzake. Ila mlango wa kuingilia kwa kila mmoja ni tofauti, na ukiingia kwa mlango usio wako utachoka mapema uache, na itakuwa umekosa kitu kikubwa.

Vigezo kwanza

Wote nimewapima kwa mambo yaleyale. La kwanza ni jukwaa, maana wote watatu wametengenezwa na jukwaa kabla kamera haijawajua, na ukikuta mtu anakaa dakika nane tu kwenye sinema halafu anaondoka na Oscar, jua pale unaangalia miaka arobaini ya kusimama mbele ya watu wazima waliolipa tiketi. La pili ni skrini, yani kipi utaangalia na kinaonyesha nini. La tatu ni lugha, Kiingereza chake kinafuatika au utahitaji sabtaito, na unaweza kukaa nacho sebuleni na wazazi au ni cha kuangalia peke yako. Mwisho nasema anamfaa nani.

Tuzo sijaziweka kwenye vigezo na nina sababu. Smith ana Oscar 2, Dench 1, Mirren 1. Smith na Mirren wana ile seti ya Oscar, Emmy ya televisheni na Tony ya jukwaa la Marekani, Dench hana Emmy ila ana Olivier 8 ukihesabu na ile ya heshima, na Olivier ndo tuzo kubwa ya jukwaa la London. Ukichagua kwa tuzo kila mtu ana hoja yake mtabishana mpaka asubuhi. Kitu pekee kwenye tuzo kinachosaidia ni umri: Smith alipewa Oscar ya kwanza akiwa na miaka 35, Mirren 61, Dench 64. Hiyo inakwambia ukimtafuta kila mmoja utafute kwenye miaka ipi.

Judi Dench

Jukwaani. Kazaliwa York tarehe 9 Desemba 1934, baba yake alikuwa daktari aliyekuwa anawatibu waigizaji wa ukumbi wa mji huo, kwahiyo nyumbani kwao watu wa jukwaa walikuwa hawakauki. Mwanzo alitaka kuwa mtu wa kubuni mandhari za jukwaa, sio kuigiza. Mwaka 1957 kampuni ya Old Vic ya London ikampa Ophelia kwenye Hamlet ya Shakespeare, mwanzo mkubwa mno kwa binti aliyetoka chuo juzi, na 1960 akawa Juliet chini ya mwongozaji Zeffirelli. Halafu kuna jambo ambalo watu wachache wanalijua, mwaka 1963 alikuja Afrika, sio kwetu ila Afrika Magharibi, Nigeria, Ghana na Sierra Leone, na kundi la Nottingham Playhouse, akiigiza Viola wa Twelfth Night na Lady Macbeth, zote za Shakespeare, mbele ya watu ambao nchi zao zilikuwa zimetoka tu kupata uhuru.

Huyo Lady Macbeth akamrudia 1976, na hapa naomba nikae kidogo. Mwongozaji Trevor Nunn aliiweka Macbeth kwenye kijumba cha mabati pale Stratford ya Uingereza, kinaitwa The Other Place, ukumbi mdogo, watu wamekaa karibu kabisa. Hamna pazia, hamna ngome wala farasi, ni duara limechorwa chini na waigizaji wamekaa kwenye masanduku kulizunguka, nguo karibu zote nyeusi. Macbeth ni Ian McKellen, ndiyo, Gandalf mwenyewe, yule mchawi wa Lord of the Rings. Baadaye ikarekodiwa kwa ajili ya televisheni, ndo maana leo unaweza kuiona. Kuna pale Lady Macbeth anatembea usingizini anajaribu kuosha damu isiyokuwepo mikononi, Dench kafunga kitambaa cheusi kichwani, anatoa sauti moja inayoanza kama pumzi halafu inapanda inapanda mpaka unataka aache. Mimi nilisimamisha video nikakaa kimya kwanza. Na sisi tuna bahati ambayo hatuitumii, Samuel Mushi alishaitafsiri hiyo tamthilia kwa Kiswahili mwaka 1968, inaitwa Makbeth. Isome hiyo kwanza, siku moja tu unaimaliza, halafu kaa uangalie Dench, hutahitaji mtu wa kukueleza chochote.

Kwenye skrini. Alipokuwa kijana mtu mmoja wa sinema alimwambia wazi kwamba sura yake haifai kwa filamu. Fikiria maneno hayo kwa binti. Akarudi jukwaani, na televisheni akafanya vichekesho vya kistaarabu, kimojawapo na mume wake Michael Williams. Sinema zikaja kumtafuta akiwa na miaka 60, GoldenEye ya 1995, akawa M, yaani yule bosi wa Bond, wa kwanza mwanamke, na aliishika nafasi hiyo muvi 7 mpaka Skyfall ya 2012 ambayo kiukweli ni muvi yake kuliko ya Bond. Katikati hapo, 1997, akacheza Malkia Victoria kwenye Mrs Brown, kazi iliyotengenezwa kwa ajili ya televisheni ikaishia kwenye majumba ya sinema, na hapo ndo akapata uteuzi wake wa kwanza wa Oscar. Mwaka uliofuata Shakespeare in Love, dakika kama nane hivi za Malkia Elizabeth wa Kwanza, na tuzo ikaja. Uteuzi wote 8 wa Oscar umemkuta akiwa ameshapita 60, wa mwisho ni wa Belfast akiwa na 87.

Wengi wetu tulikutana naye kwa mara ya kwanza kwenye kibanda umiza, Bond iliyotafsiriwa na dijei. Nawaheshimu sana wale madijei, wao ndo walitufungulia sinema za dunia, ila kwa Dench kuna kitu kinapotea pale. Dijei anaongea juu ya sauti, na kwa Dench sauti ndo mali yenyewe, ni sauti yenye mkwaruzo, kama imekauka kidogo, halafu ghafla inakuwa laini. Kama ulimwona M wa kibanda umiza tu basi bado hujamsikia.

Lugha na sebuleni. Anaongea neno kwa neno, unafuata bila shida, isipokuwa Philomena ya 2013 ambapo anachukua lafudhi ya Ireland, na hata pale utazoea. Hiyo Philomena ni mama aliyezalia kwenye nyumba ya masista, mtoto akachukuliwa akapelekwa Marekani, miaka hamsini baadaye anaanza kumtafuta. Ni kisa cha kweli. Hiyo kaa na mama yako muangalie, mtalia wote. Notes on a Scandal ya 2006 ni nzuri mno lakini iweke ya peke yako, anacheza mwalimu mpweke anayeshika siri ya mwenzake na siri inakuwa kamba.

Tangu 2012 amesema wazi kwamba macho yake yanafifia, maandishi hayasomi tena, anasomewa maneno yake mpaka yanaingia kichwani. Belfast kaifanya katika hali hiyo. Ukijua hilo halafu uone anavyoangalia kamera mwishoni kabisa mwa ile filamu, inakukaa.

Anamfaa nani? Mtu anayependa hisia zinazokuja polepole, anayetaka kulia kidogo, na anayetaka mwigizaji mmoja mwenye pande nyingi, bosi, malkia, mama wa kawaida. Pia anamfaa mtu ambaye Shakespeare amemtisha tangu shule.

Maggie Smith

Jukwaani. Kazaliwa mwezi uleule mwaka uleule, tarehe 28 Desemba 1934, siku 19 tu baada ya Dench, na mwishoni mwa miaka ya hamsini wakawa pamoja Old Vic, urafiki wao umeanzia hapo. Amekulia Oxford, 1952 akaigiza Viola hapohapo Oxford, na 1956 tayari yuko New York kwenye onyesho la nyimbo na vichekesho. Mwanzo wake ni kuchekesha, na hii ni muhimu, maana mpaka mwisho hata akicheza kitu cha huzuni kuna mapigo ya mchekeshaji chini yake, anajua neno likae wapi, akate wapi, mkono uinuke lini.

Mwigizaji mkubwa Laurence Olivier akamchukua kwenye National Theatre mpya mwaka 1963, na 1964 akamfanya Desdemona, mke wa Othello, kwenye Othello huku Olivier mwenyewe ndo Othello. Ikapigwa filamu 1965 karibu vilevile ilivyokuwa jukwaani, na Smith akapata uteuzi wa kwanza wa Oscar. Hapa lazima niseme wazi ili usije kukutana nayo ghafla: Olivier, mzungu, amejipaka rangi nyeusi mwili mzima, na mwendo na sauti ameviiga. Mimi kama Mwafrika ile inaniuma kuiangalia na sioni haja ya kuipamba. Smith ndani yake ni mzuri, ametulia na hababaiki mbele ya Olivier anayepiga kelele, ila sio mlango wa kuanzia. Itafute ukishamzoea, au iache kabisa, hutakuwa umekosea.

Kuanzia 1976 mpaka 1980 alikaa misimu kadhaa Canada, kwenye tamasha la Stratford la Ontario, na wengi wanasema huko ndo alikojijenga upya. Peter Shaffer akamwandikia tamthilia nzima kwa ajili yake, Lettice and Lovage, mwongoza watalii anayeongeza chumvi kwenye historia ya nyumba ya zamani kwa sababu ukweli wenyewe unachosha, na kwa hiyo akapata Tony 1990. Halafu mwaka 2019, ana miaka 84, baada ya miaka zaidi ya kumi bila kukanyaga jukwaa, akarudi London peke yake, kiti kimoja, akimwigiza mwanamke aliyekuwa karani wa Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler, anayejieleza kwamba yeye alikuwa anapiga chapa tu. Peke yake usiku mzima. Alifariki 27 Septemba 2024, miaka 89.

Kwenye skrini. Ushauri wangu kwake ni mmoja na nauamini sana: angalia walimu wawili. Kila mtu anamjua McGonagall, yumo kwenye muvi 7 kati ya 8 za Harry Potter, na moja aliipiga akiwa kwenye matibabu ya saratani, alivaa wigi chini ya ile kofia. Sasa rudi nyuma mpaka 1969, The Prime of Miss Jean Brodie, ile iliyompa Oscar ya kwanza. Ni mwalimu wa kike Edinburgh miaka ya thelathini, anapendwa na wanafunzi mpaka wanamwiga, mrembo, mwenye maneno matamu, na ni hatari, anawasifia watoto Mussolini, dikteta wa Italia, na kuwachagulia maisha yao. McGonagall ni ukali uliofunika upendo, Brodie ni upendo uliofunika sumu, na sauti ni ileile, shingo ileile imenyooka. Ukiangalia hizo mbili siku zinazofuatana utaelewa uigizaji ni nini kuliko ukisoma kitabu.

Oscar ya pili ni California Suite ya 1978 na ndani yake anacheza mwigizaji anayekosa Oscar, ndo aliyoipatia Oscar. Downton Abbey, 2010 mpaka 2015, sizoni 6, bibi Lady Violet mwenye ulimi wa wembe, hiyo ndo ilimfanya maarufu uzeeni mpaka akawa hawezi kutembea barabarani kwa amani. Lakini kama una saa moja tu nakuomba utafute A Bed Among the Lentils ya 1988, ya Alan Bennett kwa BBC. Ni mke wa mchungaji anakunywa pombe kwa siri, anaiangalia kamera anakusimulia wewe, basi, hamna kingine. Wale tuliokulia karibu na kanisa, tunaojua mama mchungaji anavyoangaliwa na kila mtu kuanzia kitenge chake mpaka mapishi, hiyo itatugusa mahali.

Lugha na sebuleni. Hapa ndo ugumu ulipo, nisikudanganye. Anaongea haraka, nusu ya utamu iko kwenye namna alivyolivuta neno moja, Jean Brodie ana lafudhi ya Scotland, Downton ina Kiingereza cha mabwanyenye wa zamani. Weka sabtaito za Kiingereza hata kama Kiingereza chako ni kizuri. Usalama wa sebuleni ni mkubwa, nyingi unaangalia na yeyote, ila Jean Brodie ina tukio la uchi.

Anamfaa nani? Mtu wa maneno. Kama unapenda mchongoano, kama bibi yako au shangazi yako ni wale wa kumaliza mtu kwa sentensi moja huku anaendelea kuchambua mchicha, utamwona humohumo. Na anamfaa mtu wa sizoni ndefu.

Helen Mirren

Jukwaani. Huyu mdogo kwao, 26 Julai 1945, jina la kuzaliwa Ilyena Mironoff, baba alizaliwa Urusi akaletwa Uingereza akiwa mtoto mdogo, akaja kuendesha teksi. Familia ikabadili jina. Akiwa na miaka kama ishirini akacheza Cleopatra na kundi la vijana, National Youth Theatre, pale Old Vic, ikamfungulia njia mpaka Royal Shakespeare Company. Angeweza kukaa hapo maisha. Akaondoka, mwaka 1972 akajiunga na mwongozaji Peter Brook aliyekuwa na kundi lake Paris, wakavuka Sahara kwa magari, Algeria, Niger, Nigeria, wanafika kijijini wanatandika zulia chini, watu wanakusanyika wanaigiza, bila lugha ya pamoja. Hilo zulia nalifikiria sana. Mwigizaji wa Shakespeare ananyang'anywa maneno yote, anabaki na mwili na macho mbele ya wazee na watoto ambao wakichoka wanaondoka zao. Kila nikimwona kwenye skrini amenyamaza na bado humwangalii mtu mwingine, nafikiria alijifunzia pale.

Mwaka 2009 alikuwa Phèdre kwenye National Theatre na hiyo ndo tamthilia ya kwanza ya ukumbi huo kurushwa moja kwa moja kwenye majumba ya sinema, tarehe 25 Juni, mwanzo wa NT Live. Na The Audience, malkia akikutana na mawaziri wakuu wake, anabadilika umri jukwaani watu wanaona, ikampa Olivier 2013 na Tony 2015.

Kwenye skrini. Miaka ya sabini Waingereza walikuwa wanamzungumzia mwili zaidi ya kazi. Kuna mahojiano ya 1975 na mtangazaji Michael Parkinson, anaulizwa kuhusu umbo lake kama vile linamzuia kuwa mwigizaji wa maana, na yeye akiwa na miaka 30 anamrudishia swali mbele ya watu bila kupandisha sauti. Yatafute. Halafu 1991 ikaja Prime Suspect, mpelelezi Jane Tennison, ofisi imejaa wanaume wasiotaka kupokea amri ya mwanamke, bosi mwenzake anakufa ghafla na yeye anadai kesi iwe yake. Ilienda mpaka 2006. Mwanamke yeyote aliyewahi kupewa ukubwa kazini akakuta wanaume wanajifanya hawamsikii atamwelewa Tennison dakika kumi za mwanzo. Hashindi kwa sababu ni mwema, anavuta sigara, anakosea, maisha yake ya nyumbani yanavunjika, ila kazi anaijua. Kwangu hii ndo kazi yake kubwa, kubwa hata kuliko The Queen ya 2006 iliyompa Oscar, wiki ile ya kifo cha Diana, japo The Queen nayo ni darasa la jinsi ya kucheza mtu anayejulikana na dunia nzima bila kumkejeli.

Na kwetu kuna Eye in the Sky ya 2015. Kisa kiko Nairobi, Eastleigh, japo walipigia Afrika Kusini. Mirren ni kanali wa jeshi la Uingereza, yuko chumbani Uingereza anaangalia nyumba moja ya Nairobi kwa kamera ya drone, ndani kuna watu wanavaa mabomu, nje ukutani kuna mtoto wa kike anauza mikate. Nafasi hiyo iliandikwa kwa mwanaume ikabadilishwa. Yeye anataka kombora lipigwe, na Mirren hamfanyi mbaya wala mwema, unamwelewa na unamkasirikia kwa pamoja. Kwa mtu wa Nairobi au Mogadishu au Dar hiyo sio muvi ya mbali. Niliiangalia na ndugu zangu na tuligombana sana baada ya hapo, nani alikuwa sahihi, mpaka chai ikapoa.

Lugha na sebuleni. Kiingereza chake ndo rahisi kuliko wote, kinanyooka. Ila sebuleni kuwa makini, miaka ya sabini na themanini alifanya filamu nyingi zenye uchi na ukatili, usichague kwa jina lake tu ukaweka mbele ya baba mkwe. Kuanzia The Queen kuja huku uko salama zaidi, ila bado soma maelezo kwanza.

Anamfaa nani? Mtu wa upelelezi, siasa, maamuzi magumu. Mtu anayetaka kuona mwanamke mwenye madaraka akiwa binadamu kamili.

Kulingana na hali yako

Kama una jioni moja tu na unaangalia na mama au bibi, weka Philomena. Kama ni na kaka zako wanaodai sinema za Kiingereza zinachosha, Eye in the Sky, hawatainuka. Kama uko peke yako na saa moja, yule mke wa mchungaji wa Maggie Smith.

Mwenye wiki nzima ya mapumziko achague kati ya Prime Suspect na Downton kwa kujiuliza anataka kukaza misuli au kulegea, ni hivyo tu. Downton ukiianza usihukumu kipindi cha kwanza, watu ni wengi na majina yanachanganya, subiri cha tatu.

Mwanafunzi wa sanaa, wewe uliyeko Bagamoyo TaSUBa au chuo kingine chochote cha maigizo, kwako ningepanga hivi: Makbeth ya Mushi kwanza, halafu Macbeth ya Dench, halafu Jean Brodie na McGonagall, halafu Mirren kwenye The Tempest ya 2010 ambapo nafasi ya mchawi Prospero imegeuzwa kuwa ya mwanamke, na hiyo pia Mushi aliitafsiri, Tufani, 1969. Angalia kila tukio mara mbili, ya pili ukiwa umezima sauti. Kwa Mirren utaona karibu kila kitu bado kipo, kwa Smith mikono na shingo vinaendelea kuongea, kwa Dench utagundua umekosa nusu, na hiyo peke yake inakwambia kila mmoja silaha yake ameiweka wapi.

Na kama shida yako ni Dench na Smith tu, huwezi kuchagua, wanafanana umri na urafiki na wamecheza pamoja mara nyingi, basi usichague. Kuna Ladies in Lavender ya 2004, ni ndugu wawili wazee pwani ya Cornwall wanaokota kijana aliyetupwa na bahari. Ukimaliza hiyo tafuta Nothing Like a Dame ya 2018, hamna kuigiza pale, ni wao wawili na waigizaji wenzao Eileen Atkins na Joan Plowright, nyumbani kwa Plowright, wamekaa wanapiga stori za kazi, mmoja haoni vizuri mwingine hasikii vizuri, wanakatishana maneno, wanacheka mpaka wanapaliwa. Plowright naye alishatutoka, Januari 2025. Iangalie usiku, ukiwa huna haraka.